Ziwa Lisilokuwa na Vyura

Lambo la kijijini kwetu ulilisikia kabla hujaliona. Ukitoka shule jioni, vyura walikuwa wamekwisha kuanza kelele zao, harufu ya tope na samadi inakujia puani, ukajua nyumbani si mbali. Lakini nyuma ya kilima kulikuwa na maji mengine: shimo kubwa la mgodi wa dhahabu uliofungwa kabla sijazaliwa, likajaa maji mpaka tukaliita ziwa. Maji yake yalikuwa maangavu, ya kijani kama chupa ya soda, na kingo zake mawe matupu, hazina hata unyasi. Lilikuwa kimya kabisa. Mimi nililiogopa kuliko fisi.

Mwaka mmoja, miaka ya tisini, mvua ziligoma. Lambo likabaki tope, ng'ombe wakawa mbavu nje, na ng'ombe wetu Madoa, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomlea mdogo wangu Limi, akawa anasimama kwa shida. Jioni moja baba akatangaza kwamba kesho yake atawanywesha shimoni. Mama alikuwa akipepeta mtama, wala hakuinua macho.

"Baba Kabula, maji gani hayo hayana hata chura?"

"Ng'ombe hanywi chura," baba akajibu, nasi watoto tukacheka.

Kumbe neno lilimkaa rohoni. Alikwenda kufukua kambare wawili kwenye tope la lambo, akawatia katika beseni la mama lililojaa maji ya shimoni, akaliacha uani. Kambare ni mgumu. Nimewahi kumwona akijiburura barabarani mvua ikinyesha. Kulipokucha wote wawili walikuwa matumbo juu. Baba aliwachungulia kwa muda mrefu, kisha akawafukia mbali, kuku wasije wakawadonoa.

Ikabidi ng'ombe waswagwe hadi ziwa kubwa la kweli, upande wa Buseresere, na njia ilipita kando ya lile shimo. Walipoyanusa maji, walichachamaa. Tuliwazuia kwa fimbo, baba, mama na mimi, huku nikilia kwa sauti. Madoa ndiye aliyeng'ang'ania zaidi, na mimi ndimi niliyesimama mbele yake kumzuia. Nilimpiga ili asinywe, naye akafia njiani kwa kiu, kabla hatujafika. Najua tulifanya sawa. Hata hivyo, mpaka leo nikiona maji maangavu mno, moyo unanisinyaa.

Siku hizi machimbo yamekuwa makubwa kiasi kwamba lile shimo letu lingeonekana kisima. Juzijuzi tuliitwa mkutanoni, na kijana mmoja mtaalamu wa mgodi akatuonyesha picha: wakifunga mgodi, shimo litakuwa ziwa, lenye mitumbwi na miti kandokando. Watu wakapiga makofi. Baba, ambaye sasa anatembea kwa mkongojo, akaomba kusema.

"Shikamoo, mzee," kijana akamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Hilo ziwa lenu litakuwa na vyura?"

Watu wakaangua kicheko. Kijana naye akatabasamu, akasema maji yatapimwa kila mara.

"Mpaka lini?"

"Mpaka tutakapokabidhi eneo, mzee."

"Na mkishakabidhi?"

Kijana akainamia karatasi zake. Baba akaketi taratibu na kuniinamia sikioni.

"Kabula," akasema, "lile beseni la mama yako bado lipo?"