Kreti la Topista Kando ya Barabara ya Buwenge

Jumanne ya tarehe 8 Novemba 2022, siku ya gulio Buwenge, Topista alikuwa kwenye kreti lake la mbao, ameinama akipanga nyanya zake pale pikapu ilipoteremka kimyakimya kutoka juu. Hakuisikia. Injini ilikuwa imezimwa.

Aliyeshika usukani alikuwa na miaka kumi na saba. Tajiri wake, mwenye gari, alimfundisha azime injini kila afikapo kwenye mteremko, gari lijiendee lenyewe, mafuta yabaki. Alipoona watu mbele akakanyaga breki. Ikashika kidogo. Akakanyaga tena, ikawa ngumu kama jiwe, maana injini iliyozimwa haisaidii breki. Usukani nao ukamgomea, na pikapu ikamvaa Topista.

Mfukoni alikutwa na leseni ya udereva. Si ya kughushi.

"Ya kweli kabisa, na picha yake juu," anasema Barasa, mume wa marehemu, na kucheka kicheko kikavu. "Mtoto hajafika umri, pamiti anayo. Sasa hiyo pamiti iliota kwenye mti? Kuna mkubwa aliitoa. Kijana walimfunga, sawa. Mkubwa yuko wapi?"

Swali lake ni moja tu: nani alimpima yule mtoto? Amelizungusha ofisi hadi ofisi, Jinja na Mbale. Mmoja alimwambia mhusika amehamishwa. Mwingine alimwambia arudi kesho, na kesho yake akamkuta mtu mpya anayemwambia arudi kesho.

Barasa ni Mkenya wa Busia, aliyesoma hadi darasa la nne, mwenye miaka hamsini na minne. Aliendesha malori ya mizigo mpaka mwaka ule aliomzika mkewe. Sasa anafundisha vijana udereva kutoka nyumbani kwake Mafubira, kwa Corolla nyeupe iliyofungwa breki ya pili upande wa mwalimu.

Ijumaa hii, saa mbili asubuhi, Corolla imeegeshwa Buwenge na ndani hamna mtu. Mwanafunzi mpya, Erisa, ameketi juu ya kreti lile la Topista kando ya barabara, mahali pale pale palipokuwa na meza ya nyanya. Uso wake unatazama magari yanayoteremka. Ndivyo Barasa anavyomwanzisha kila kijana: asubuhi nzima kwenye kreti kabla ya kugusa usukani.

"Mzee, nimekuja kujifunza gari," Erisa analalamika. "Watu wananiuliza nyanya bei gani."

"Waambie zimeisha. Wewe tazama."

Lori la miwa linapita. Upepo wake unamvua Erisa kofia. Anaruka kutoka kwenye kreti, na wanawake wa sokoni wanaangua kicheko.

"Umeogopa?" Barasa anauliza.

"Kidogo, mzee."

"Bado. Keti."

Wengi hukimbilia shule nyingine, ambako unashika usukani siku ya kwanza. Barasa hawafuati. Wanaobaki huwapeleka kwenye barabara ya murami, ya udongo usio na lami, isiyo na watu, yenye mteremko mdogo unaoishia penye nyasi. Hapo, gari likiwa linateremka polepole, ananyoosha mkono na kuuzungusha ufunguo azime injini bila kumwambia dereva. Anataka mguu wa kijana uijue ile breki ngumu, na mkono wake uujue ule usukani mzito, ili maisha yake yote asithubutu kuzima injini mteremkoni.

Kila mwanafunzi wake amepita somo hilo, isipokuwa mmoja: Beverlyne, bintiye wa pekee, mwenye miaka kumi na minane.

"Tumefika pale mara nyingi," anasema Beverlyne, ambaye amekuja kumletea baba yake chai. "Mkono wa baba unafika kwenye ufunguo, halafu anaurudisha. Anasema, leo mvua itanyesha, turudi. Mvua yenyewe hakuna."

Barasa anageuza uso pembeni. "Ana macho ya mama yake," anasema baadaye, kwa sauti ya chini. "Nikimtazama akiwa pale kwenye usukani, gari linateremka, mimi naona kreti."

Na siku zimekwisha. Jumapili kuna harusi ya ukoo huko Malukhu, Mbale. Gari la kubeba mama wadogo wanne lipo. Dereva aliyetajwa ni Beverlyne. Tangu habari hiyo imfikie, Barasa halali vizuri. Anaihesabu njia nzima kichwani: malori, bodaboda zinazochomoka, ng'ombe, watoto wanaotoka kanisani.

Analotaka halihitaji bajeti, anasema: mtu asipewe leseni mpaka ateremke mlima mbele ya mpimaji, na mpimaji aandike jina lake nyuma ya kadi. "Siku ikiharibika, tujue mlango wa kubisha."

Kabla chai haijapoa, pikipiki inasimama. Anashuka Geresom, askari magereza, kaka wa Topista, mwenye gari la Jumapili. Anatabasamu mpaka masikioni.

"Bevu! Njoo uone mjomba alivyokufanyia." Anachomoa kadi mpya mfukoni. "Pamiti hii. Jumapili unatupeleka Mbale kama malkia."

Barasa anaweka kikombe chini. "Hajamaliza, shemeji."

"Wewe hata ukimfundisha miaka kumi utasema hajamaliza."

"Hajateremka."

"Ofisi imeridhika, shemeji. Wewe ni nani upinge ofisi?"

"Ofisi iliridhika na yule mwingine pia, afande."

Tabasamu la Geresom linazimika. Wanawake wa sokoni wameacha kupanga bidhaa zao. Erisa amesimama, kofia mkononi, na kreti liko wazi nyuma yake.

Beverlyne anaichukua kadi. Anaitazama picha yake mbele, kisha anaigeuza nyuma, kisha mbele tena. Hajawahi kukanyaga ofisi ile. Hajawahi kushika usukani akiwa na mtu mwingine yeyote zaidi ya baba yake. Anasogea, analiketia kreti la mama yake, akielekea barabara.

"Mjomba," anasema, "aliyenipima mimi ni nani?"

Geresom anatazama pikipiki yake.

"Mjomba, nakuuliza. Ni nani?"