Mnazi wa Kibondo

Mume wangu ni mtu wa Pangani. Kwa miaka yote aliyouza kanga na vitenge hapa Kibondo, bara mbali na bahari, hajawahi kukubali kwamba kuna mahali duniani mnazi hauoti. Mama yake, anayeishi peke yake huko pwani na macho yanamwishia, alimwambia hawezi kuhamia mahali pasipo na mnazi. Basi mwenzangu akaagiza miche. Mnazi ukiota, mama atakuja.

Mche wa kwanza ukafa. Mimi ni mwalimu, na wakati huo nilikuwa najiendeleza kwa masomo ya masafa, nikihangaika na falsafa ya sayansi: nadharia huachwaje? Kuna mwanafalsafa mkali kama hakimu, anasema jaribio moja likikataa, nadharia itupwe. Nikamsomea mume wangu. Akanijibu kwamba udongo wa huku hauna chumvi, akaumwagia mche wa pili chumvi ya dukani. Nao ukafa, tena upesi.

Wa tatu ulipokufa, alimlaumu mbuzi wa jirani, ambaye hata hakuuonja. Kwa haki, yuko mwanafalsafa wa kumtetea mume wangu. Anasema nadharia haijaribiwi peke yake. Ikishindwa, hakosekani wa kusingiziwa, iwe mbegu, maji au mbuzi. Nilijuta kumwambia. Alitembea na hoja hiyo sokoni kama mtu aliyeshinda kesi.

Baba yangu alipotoka Nyakitonto kuja kutusalimia, aliuzunguka mche wa nne, akauliza kwa adabu kama huo ni mgomba unaoumwa. Mume wangu hakula mchana ule.

Nilicheka, lakini niliumia pia, maana mama mkwe alizidi kuzeeka na sisi tulikuwa tunasubiri mti. Mwanafalsafa mwingine ndiye aliyenifungua macho: watu hawaachi nadharia kwa kuwa imeshindwa, bali wanapopata nyingine ya kuhamia. Mume wangu alikuwa na hiyo moja tu.

Mche wa nne ulipokauka, nikampigia mama mkwe mwenyewe.

"Shikamoo mama. Mnazi hauoti huku. Hautaota."

"Marahaba, mwanangu. Afadhali umesema wewe. La mnazi mimi nililisema tu, na yeye kila akipiga simu ni mnazi, mnazi. Hajaniambia hata mara moja kwamba ananitaka. Kama ananitaka, si aseme?"

Nikaenda mbio dukani, mama akiwa bado hewani, nikampa mume wangu simu.

"Shikamoo mama," akaanza. "Huu mche wa nne, naona kosa ni upepo..."

Nikamkanyaga mguu. Akanitazama.

"Mama," akasema. "Njoo tukae wote. Nimekukumbuka mno."

Mteja aliyekuwa mbele yetu akajifanya anasoma maandishi ya kanga.