Maharagwe Yaliyokunywa Pikipiki

Jambo lote lile lilinigharimu zamu nzima ya maji, kitalu cha kabichi za mke wangu, jogoo mwekundu aliyekuwa bado na kazi ya kufanya, na soli za viatu. Nimepiga hesabu tena kabla ya kuandika, na haijapungua.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mchuuzi wa mboga. Nilinunua kwa akina mama wa huku kwetu milimani, upande wa Bura, kabichi na nyanya zao, zikateremka kwa lori mpaka stesheni ya Voi na kupanda treni ya Mombasa. Magunia yalisafiri kwa lori. Mimi nilikuwa nasafirisha mdomo. Kazi yangu ilikuwa kutangulia, kupatana bei na kurudi kabla mwenye mali hajabadili mawazo, na kwa miguu kazi hiyo haifanyiki.

Kwa hiyo nilipopata habari kwamba karani mmoja wa shamba la mkonge pale Voi anahama na anauza pikipiki yake, nilifika kwake kabla hajamaliza chai. Akataja bei, nikacheka. Akapunguza, nikakohoa. Nikaizunguka pikipiki, nikainama, nikamwonyesha bomba la moshi lilivyokatika. Sailensa, kile kikopo kinachomeza kelele, ilikuwa imebaki huko porini siku nyingi.

"Hiyo si kasoro," karani akasema. "Inakwenda vilevile."

"Kama si kasoro, mbona umeificha upande wa ukutani?"

Akapunguza tena. Ukitaka, sema kelele nilipewa bure, juu ya pikipiki. Siku hizi kitu cha bure hunifanya nishike mfuko.

Fundi wa pale sokoni aliniambia sailensa ya aina ile lazima iagizwe Mombasa. Nikamuuliza bei. Akaitaja. Nikamwambia aiache ivume.

Kule chini Voi, kelele ile haikuwa kitu. Nyika haina ukuta. Sauti inatoka, inakwenda zake kuelekea kwa ndovu, hairudi. Lakini nilipoingia milimani mara ya kwanza, kwenye kona iliyo chini ya jabali kubwa, nilisikia pikipiki nyingine inateremka kunijia. Ilikuwa kubwa kuliko yangu, na dereva wake hakuonekana kuwa mtu wa kupunguza mwendo. Nikasogea kando, nikazima injini, nikamngoja apite.

Hakupita mtu. Nikawasha, akawasha. Nikazima, akavuma kidogo halafu akanyamaza. Nilisimama pale nimeshika usukani, nikitazama lile jabali. Tangu nizaliwe nilikuwa nimelipita na mizigo, na mbuzi, na jeneza la baba yangu, wala halijawahi kunijibu neno. Nywele za mikono zilinisimama. Nitasema kweli: niliona fahari. Mtu akijibiwa na mlima, hata kama ni mchuuzi wa kabichi, anajiona ameongezeka kimo.

Na biashara ikaitikia. Kabla sijafika kijijini, akina mama walikuwa wamekwisha kusikia na kushuka barabarani na vikapu. Sikuhitaji tena kupita mlango kwa mlango. Hiyo sailensa ya Mombasa ningeilipia ili ninyamaze? Nilihesabu faida mara mbili, zote mbili zikakubali.

Hapo sasa lazima nieleze mambo ya maji, maana bila hayo hutanielewa.

Bonde letu lina mfereji mmoja, uliochimbwa na mababu, unaozunguka kiuno cha mlima mpaka kwenye mashamba yetu. Maji ni ya zamu. Mwenye zamu akimaliza kunywesha, anasimama kwenye ukingo wa shamba lake, ng'ambo ya bonde, na kumwita anayefuata. Haji mtu, hatumwi mtoto. Ni sauti tu, inavuka bonde. Anayeitwa akijibu, maji ni yake. Anakwenda kuzibua njia yake, na yule wa juu anaziba ya kwake. Asipojibu ataitwa tena. Akinyamaza, maji yanapita kwa mwingine, naye atangoja mzunguko wote upya. Hakuna ugomvi juu ya hilo. Asiyejibu hakuyataka.

Mwito huo hupigwa jioni, jua linapogusa mgongo wa kilima cha magharibi. Na jioni ndiyo saa niliyokuwa narudi kutoka Voi.

Jirani yangu wa karibu alikuwa mama mzee, mjane, shamba lake likipakana na barabara. Nilimwita mao, kama tunavyowaita mama zetu. Alikuwa mwembamba wa kubebwa na upepo, na kila Jumapili alitembea mpaka kanisa la misheni akiwa wa kwanza kufika. Alipanda maharagwe, na mahindi kidogo. Chakula cha mwaka mzima cha nyumba ile, yeye na wajukuu aliokuwa akiwalea, kilikuwa kwenye ile miteremko midogo ya maharagwe.

Kiangazi kile nilianza kuona maharagwe yake yanapiga rangi ya njano wakati ya wenzake yanatoa maua. Sikuuliza. Kisha nikaona majani yamejikunja. Asubuhi moja nilimkuta amesimama katikati yake, mikono nyuma.

"Mao, haya maharagwe yamefanya nini?"

"Yamekunywa pikipiki," akasema.

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Niliitwa," akasema. "Nimeambiwa niliitwa, na nikaitwa tena. Mimi nilikuwa hapa hapa, na jembe mkononi, nangoja. Wewe ukapita. Ulipokwisha kupita, maji yalikuwa kwa mtu mwingine."

"Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Nikuambie saa ngapi? Ukiwa juu ya hicho kitu husikii. Ukishuka, unahesabu."

Nikafanya ninavyofanya kila nikibanwa: nikaanza kupatana.

"Lakini mao, tazama upande huu mwingine. Tangu hii pikipiki ije, nyani hawajakanyaga mahindi yako. Wamehama. Hilo nalo umelihesabu?"

"Nimelihesabu," akasema. "Nyani wakirudi nitakuita. Sasa njoo jioni, bila hicho kitu, ukae hapa."

Jioni ile nilirudi mapema, nikaiacha pikipiki chini ya jabali, nikapanda kwa miguu. Alinipa kigoda uani. Yeye alibaki amesimama.

Mwanzoni niliona ananipotezea wakati. Nilikuwa na bei za nyanya kichwani. Halafu, kidogo kidogo, bonde likaanza kuingia masikioni. Kwanza mfereji wenyewe, ulio juu ya nyumba yake: sikuwahi kujua kwamba unasikika. Ulikuwa unanong'ona, kama watu wanaosema habari za mgonjwa. Kisha mtu akitwanga, mbali. Kisha kengele ya misheni. Kisha, na hapo nilidhani nimekosea, kule chini kabisa kwenye nyika, honi ya treni ikiingia Voi, nyembamba kama uzi. Mimi niliyefanya kazi na treni ile kila siku sikujua kwamba inafika mpaka uani kwa jirani yangu.

"Unaisikia?" nikamuuliza.

"Kila siku. Siku hizi, isipokuwa ukiwa njiani."

Jua likagusa mgongo wa kilima. Watu wakaacha kutwanga. Naapa hata kuku walipunguza. Ndipo mwito ukaja.

Ulitoka ng'ambo, kwa mzee mmoja ambaye nilimjua tangu utotoni na ambaye, ukikaa naye, lazima umwombe mara kadhaa aongeze sauti. Lakini mwito haukuwa sauti ya kuongea. Aliurefusha, akauinua mwishoni, akauachia. Niliusikia ukiondoka kwake, nikausikia ukiwa katikati, juu ya utupu ule mahali ambapo hakuna mtu, na nikausikia ukifika. Ulifika mzima. Kila neno lilikuwa na miguu yake. Haukuwa wetu, alikuwa anamwita mtu wa shamba la chini yetu. Mtu huyo akajibu, na jibu likapita juu ya vichwa vyetu likirudi. Muda mfupi baadaye ule mnong'ono wa mfereji ukabadilika. Maji yalikuwa yamegeuka njia.

Nilibaki nimekaa. Nilikuwa nimekula maji hayo maisha yangu yote, kwa maana mboga zangu zote zilitoka humo, na sikuwahi kufikiri kwamba yanaongozwa na kitu kisichoshikika. Hakuna ufunguo, hakuna askari, hakuna bomba. Kuna mtu kuita na mtu kusikia, na kati yao bonde zima la watu waliokubali kunyamaza kidogo. Lile jabali lilikuwa limenijibu kwa sababu nililipigia kelele. Hawa walijibiana kwa sababu walisikilizana. Fahari yangu ya siku ile ilinitoka kama hewa ya gurudumu.

"Zamu yako inayofuata ni lini?" nikamuuliza.

"Majani yatakuwa yamekwisha kuanguka."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hakuniita kunifundisha kusikiliza. Aliniita kupatana, na yeye alikuwa ameanza kabla yangu.

"Zamu yangu mimi ni keshokutwa," nikasema. "Nitakupa nusu."

Akatazama maharagwe.

"Nusu na kidogo. Kabichi zangu nazo ni viumbe."

Akaendelea kutazama maharagwe. Nimepatana na wauzaji wa Voi, Taveta na Mombasa, Wahindi, Waarabu na Wakamba, lakini sijakutana na mtu aliyeshusha bei kwa kunyamaza kama mama yule.

"Chukua yote," nikasema.

"Asante, mwanangu," akasema haraka, asije akanipa nafasi ya kuhesabu tena.

Nyumbani nilimweleza mke wangu. Kabichi zilikuwa zake, alizitunza kwa mikono yake. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Wewe hata msumari hununui bila kuomba upunguziwe," akasema. "Leo umepunguzwa wewe, na ukapunguza na kabichi zangu. Umempelekea na kitu cha kukaa naye?"

"Kitu gani tena? Nimempa maji."

"Maji ni kwa ajili ya maharagwe. Na moyo wake?"

Kwetu Wadawida, yaani Wataita wa milimani, hasira ya jirani haihitaji kusemwa ili iumize. Inaweza kukaa moyoni hata mwenyewe asijue kwamba iko, na huku inaharibu nyumba ya mwenzake. Kwa hiyo jambo likiisha, aliyekosewa hutasa: huchukua kinywaji kinywani, hukitema kama manyunyu, na kwa maneno huitoa hasira yote, ile anayoijua na ile asiyoijua. Jogoo mwekundu alikwenda kwa mao kwa ajili hiyo. Nilimshika mwenyewe. Alinitazama kama anayejua mkataba umesainiwa na nani.

Siku ya zamu yangu mtu wa ng'ambo aliyekuwa akimaliza zamu yake aliita jina la nyumba yangu, na mimi, kama tulivyokubaliana naye, sikujibu. Alijibu mao.

Sijui niiandikeje sauti ile. Ilitoka katika kifua ambacho ungeweza kukizungushia mikono miwili na vidole vikakutana. Ilivuka bonde bila kuchoka, na niliposimama karibu naye niliihisi kwenye mbavu zangu, kama nilivyoihisi pikipiki, lakini hii haikumfukuza mtu. Ilimfikia aliyetakiwa, ikaishia hapo.

Maji yalipofika aliteka kidogo kwenye kiganja. Pombe hakuitaka, alikuwa mtu wa kanisa. Akayaweka kinywani, akayanyunyiza mbele yangu na juu ya miche.

"Kama nilikuwa na neno juu ya mtoto huyu," akasema, "limetoka. Na kama kuna jingine limejificha, nalo litoke. Nyumba yake ipoe. Biashara yake ipoe."

"Biashara isipoe sana, mao."

"Itoke na hiyo tamaa," akasema, akanyunyiza tena.

Maharagwe hayakupona yote. Ya mteremko wa juu yalikuwa yamekwenda. Ya chini yaliinuka, yakatoa maua, yakalisha wajukuu wale. Kabichi za mke wangu zilikuwa ndogo kama ngumi, na tulizila wenyewe kwa sababu nilikataa kuziuza kwa bei niliyokuwa tayari kununulia.

Tangu siku hiyo, jioni, nilizima injini chini ya jabali na kuisukuma pikipiki mpaka nyumbani. Ni mlima. Ndipo zilipokwenda soli. Akina mama waliokuwa wakishuka na vikapu walinikuta nikihema, wakaniuliza kama ninauza pikipiki au inaniuza. Mwisho nikarudi kwa fundi wa Voi nikamwambia aagize sailensa. Akataja bei, ikiwa imepanda. Sikukohoa.

Ilipofungwa, pikipiki ilikuwa na adabu kama mwanafunzi wa seminari. Nilipita kwenye kona, na jabali halikusema kitu. Nilisikitika kidogo, sifichi. Lakini nilifika nyumbani juu ya pikipiki yangu, jua likigusa kilima, na juu ya mngurumo ule mdogo nikausikia mwito ukivuka, mzima.

Mahindi yalipoanza kukomaa, nilikuwa uani asubuhi nikifunga gunia niliposikia naitwa. Haikuwa zamu ya mtu, wala haikuwa jioni. Ilikuwa ile sauti, imetoka ukingoni mwa shamba lake. Nikajibu.

"Mwanangu," akaita, "kile kikopo cha kumeza kelele, kinafunguka?"

"Kinafunguka, mao. Kwa nini?"

"Nyani wamerudi. Wamejaa kwenye mahindi. Wewe si uliniambia nihesabu? Nimehesabu. Ulichukua maharagwe yangu kwa kelele, basi nilipe kwa kelele. Kifungue, uje."