Telki na Gilasi ya Chai

Asubuhi afisa wa jeshi alipokuja kwetu Koboko, baba aliniambia neno moja tu: "Legeza."

Alikusudia hatamu. Farasi wetu jike alikwenda telki, mwendo wa haraka usiomtikisa mpandaji, kila mguu ukigusa ardhi kwa zamu yake. Babu aliileta mbegu hiyo kutoka Sudani. Mbung'o waliwamaliza wengine wote, akabaki huyo mmoja, na alikuwa na mimba. Lakini telki haiji yenyewe, lazima mpandaji amwinue kichwa kidogo. Ukilegeza hatamu, anakurusharusha kama lori bovu kwenye njia ya Arua. Kwetu mpandaji alipimwa kwa gilasi ya chai mkononi. Ikimwagika, kosa lake, si la farasi.

Afisa alikuwa amesikia sifa. Alichokitaka alikichukua, na waliomkatalia hatukuwaona tena. Tumaini letu lilikuwa moja, amwone farasi wetu ni wa hovyo.

Nikapanda. Nilikuwa mtu mzima, nimeshaoa. Nikalegeza. Jike akanirusha huku na huku, meno yakagongana. Afisa, kwenye kiti chetu, akacheka mpaka akakohoa.

"Mzee, hii farasi iko bure kabisa! Peleka yeye Pajulu, abebe muhogo. Na huyu kijana yako hajui kupanda hata punda."

Baba akacheka naye. "Ndiyo, afande. Iko bure."

Ilibaki nishuke tu. Wallahi, ilibaki nishuke. Lakini mimi nina hasira za karibu, na kuambiwa sijui kupanda, mke wangu akisikia mlangoni, kulinichoma. Nikainama, nikachukua gilasi ya baba mezani pale uwanjani, imejaa chai. Nikainua hatamu, vidole viwili tu. Jike akatulia chini yangu, akauzunguka uwanja mzima kwa telki.

Nilipogeuka, afisa hakuwa akicheka. Alikuwa amesimama.

Askari wake walimpakia jike kwenye lori kabla ya adhuhuri, na mimba yake. Sijamwona tena farasi wa mwendo ule upande wetu.

Nilingoja baba anitukane, ningeshukuru. Aliitazama gilasi iliyokuwa bado mkononi mwangu.

"Chai ilimwagika?"

"Hapana, baba."

Akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani, nikamsikia akilia.