Laki za Bibi

Sisi tuliokulia Wheaton, huku Marekani, mwishoni mwa miaka ya tisini tunajuana. Tuliruka kamba kwenye maegesho ya magari mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi, tukirudi ndani tunakuta chai ya hiliki na maandazi, na mama zetu wamesinzia kwenye kochi na sare za kazini. Kadi ya kupigia simu nyumbani ilikwisha kabla salamu hazijakwisha. Watoto wetu wakisikia hayo wanatuonea huruma, wao wasioweza kujumlisha saba na nane bila kutoa simu mfukoni.

Kwetu mwalimu wa hesabu alikuwa Bibi, mzaa mama, aliyeletwa kutoka Unguja anitunze mama akienda kazini. Ujana wake alifanya kazi Mji Mkongwe, akipima vitambaa katika duka la Mhindi. Huko alijifunza kuhesabu kwa vidole vinne, kila kimoja pingili tatu na ncha yake, jumla kumi na sita, kwa kuwa rupia, fedha ya Unguja ya zamani, ilikuwa na senti zake ziitwazo anna kumi na sita. Rupia yenyewe alikuwa nayo moja, ya fedha, kaifunga kwenye pindo la kanga. Kwake elfu mia ni laki, laki mia ni karori, basi. Milioni aliziona ni mambo ya redioni.

Nilipokuwa darasa la nne tulipewa kazi ya kuandika namba kubwa kwa tarakimu. Bibi akanionyesha, nami nikaandika kama alivyosema. Milioni moja na laki mbili na nusu ikawa 12,50,000. Tarakimu zote zilikuwa sahihi, ila koma zimekaa Kihindi: tarakimu tatu za mwisho peke yake, kisha mbili mbili. Mwalimu akajaza wino mwekundu ukurasa mzima, na darasa likacheka.

Nilirudi nimevimba. Sebuleni walikuwapo kina mama wa kwetu kutoka mji wa Oxon Hill waliokuja kumjulia hali Bibi, naye anawasimulia habari za dukani. Nikamtupia daftari mapajani.

"Bibi, this is so wrong! Hujui hata kuhesabu!"

Mama aliinuka na kandambili mkononi. Bibi akamshika mkono.

"Mwache, Asha. Kweli, mjukuu wangu. Hesabu zangu za kizamani."

Tangu siku ile hakukaa nami tena mezani. Nikitoa madaftari, anajitia ana shughuli jikoni. Niliona, na nitasema ukweli, nilifurahi. Sikumwomba radhi, nikidhani siku zipo. Mwaka uliofuata alikwenda Unguja kusalimia ndugu, akafia huko.

Leo nafanya kazi ofisini. Mwenzangu mmoja kutoka India huandika laki zake vilevile mbele ya wakubwa, na hakuna anayemcheka. Wanasema ndivyo kwao wanavyoandika. Kila nikiziona koma zile nasingizia nakwenda kuchukua maji.

Mwaka jana, tukimhamisha mama, tulikuta sanduku aliloliacha Bibi akitaraji kurudi. Chini ya kanga zake palikuwa na ile rupia, na daftari langu la darasa la nne. Kurasa nilizoziacha tupu kazijaza namba kwa penseli, mwandiko unatetemeka, koma tatu tatu kama za Wamarekani. Kurasa za mwanzo kafutafuta mpaka karatasi imetoboka. Ya mwisho haina doa. Mama anasema alikuwa akijifunza mimi nikiwa shule, ili aweze kunisaidia tena.

Watoto wangu hawakosei koma, simu huwawekea. Hawana haja ya mtu wa kukaa nao mezani. Mimi nilikuwa naye, nikamfukuza. Juzi nilichukua kalamu nikasahihisha ukurasa ule wa mwisho, mstari kwa mstari, na sina wa kumwambia kwamba zote amepata.