N ya Ndengu

Ukimwaga ndengu mezani zinakimbia kama shanga. Mdogo wetu wa mwisho alipenda kuzifukuza kwa kidole nilipokuwa nikizichambua, na nilimwacha afanye hivyo ingawa nyingine ziliishia chini ya kitanda. Ndengu ndizo zilizotulea. Wazazi wetu walipofariki nilikuwa mkubwa wa watatu, nikaacha shule kidato cha pili, nikawatoa wadogo zangu kijijini Kabazi nikawaleta Nakuru mjini, mahali ambapo msichana anayejua kupiga chapa angeweza kupata kazi.

Niliipata kwenye saiba moja, chumba cha kompyuta za kukodi nyuma ya duka la vitabu na fotokopi. Mwenye duka alikuwa mama Mhindi ambaye wateja wote, hata wazee, walimwita Anti. Kazi yangu ilikuwa kuwafungulia watu kompyuta, kuwachapia barua za kuomba kazi, na kuwaonyesha tena na tena pa kubofya. Mchana wateja walipopungua, Anti aliniruhusu nikae kwenye kompyuta ya kona. Ninamshukuru mpaka leo, maana hakuwahi kuniuliza ninafanya nini pale.

Nilikuwa nikiandika. Mwaka huo wa 2007 niligundua kwamba kuna ensaiklopidia ya bure mtandaoni ambayo mtu yeyote anaweza kuiongezea, na kwamba kuna ya Kiswahili. Nilitafuta Kabazi, sikuona kitu. Nikaandika mistari michache: mahindi, maharagwe, baridi ya asubuhi, barabara ya Subukia. Kesho yake mtu nisiyemjua alikuwa amenirekebishia nukta mbili na kuandika, "Karibu, mwenzetu." Nilisoma maneno hayo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukiri. Hapo hakuna aliyekuwa ameniomba cheti. Tangu niache shule, hapakuwa na mlango mwingine niliopita bila kuulizwa cheti.

Basi nikaendelea, na siku moja nikaandika kuhusu ndengu. Punje ndogo za kijani, jamii ya maharagwe, huliwa kwa chapati au wali. Nilipofungua siku iliyofuata, mhariri mmoja wa pwani, aliyejulikana kwa namba na herufi tu, alikuwa amefuta n. Ukurasa ulisema "Dengu", na palipokuwa na kijani pamekuwa manjano. Nikarudisha. Akafuta. Nikarudisha tena.

Ndipo alipoandika kwenye ukurasa wa majadiliano, mahali ambapo kila mhariri anasoma: "Ndengu ndiyo nini? Nyinyi watu wa bara mnaweka n kila mahali. Ndengu, ngari, mbarua. Kesho mtatuandikia nchai."

Mwingine akacheka chini yake. Nikajibu kwamba neno hilo linasemwa na kila mwenye duka Nakuru. Akaandika: "Sokoni kunasemwa mengi. Kwani wewe mama ulisoma mpaka wapi?"

Nilizima kompyuta kabla ya wakati.

Nyumbani ndugu yangu anayenifuata aliligundua mara moja. Wakati huo alikuwa kidato cha tatu, darasa moja mbele ya pale nilipoishia.

"Siz, mbona umenuna? Ni yule jamaa wa kompyuta tena?"

"Ameniuliza nilisoma mpaka wapi."

"Ati juu ya ndengu?" Alicheka mpaka akaweka sahani chini. Aliponiona sicheki, akaacha. "Mwambie uliishia Form Two ndiyo mimi nipite."

Sikumwambia mtu huyo kitu. Lakini nilijua kwamba nikiondoka kwenye ensaiklopidia, nitakuwa nimetolewa kwa swali lile lile lililonitoa kila mahali. Na nikibaki nikigombana, ningefungiwa, maana wasimamizi walikuwa wameshatuonya sote wawili kuhusu kurudisha-rudisha. Usiku huo niliamua kuaga. Nilipofika kazini nikaanza kuandika maneno ya kuaga, na kabla sijamaliza nikakuta msimamizi mmoja ametangulia.

Alikuwa mama mtu mzima kutoka Tanzania. Aliandika:

"Wanangu, shikeni adabu. Kuhusu neno, tutazungumza. Kuhusu masomo ya mtu na lafudhi yake, hakuna mazungumzo. Nimeyafuta hayo, na aliyeyaandika atapumzika juma moja. Akirudi, atajibu swali langu kama mwenzake. Swali ni hili: mnielezee kitu mnachokiona mkitamka neno hilo, kana kwamba mimi sijawahi kuingia jikoni. Rangi, umbo, hupikwaje. Asitaje mtu jina la kitu chenyewe, wala jina la mwenzake. Ukurasa usiguswe."

Nilifuta maneno yangu ya kuaga. Nilikuwa nimezoea ugomvi unaoamuliwa kwa kuuliza nani mkubwa, nani kasoma, nani mwenyeji. Huyu alitenga vitu viwili ambavyo mimi nilikuwa nimevichanganya, tusi na neno, akaliondoa tusi mezani ili neno libaki peke yake.

Nikaanza kueleza. Si rahisi kueleza ndengu bila kusema ndengu. Niliandika kwamba ni ya kijani, ina doa jeupe upande mmoja, huiva upesi kuliko maharagwe, na ukiiacha sana motoni hupasuka na kuwa uji. Saa kumi Anti alileta chai na bhajia kama kawaida yake, nikauma moja huku nikitazama skrini.

"Anti, hizi bhajia ni za unga gani?"

"Unga ya dengu. Nini ingine?"

"Dengu ama ndengu?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jina la mtoto wake. "Dengu! Ile ya manjano. Ndengu ni ile kijani yako ya kila siku. Wewe siku yote nakula bhajia yangu, hujui nakula nini?"

Nikacheka mpaka mteja wa kompyuta ya pili akageuka. Neno la yule mtu wa pwani lilikuwa hapa hapa Nakuru, kwenye sahani yangu, na lilikuwa neno zuri la kitu kingine. Nikaongeza mstari: hapa kwetu pia kuna kile cha manjano, na jina lake halina n.

Juma lilipoisha alirudi. Sikutegemea, lakini alijibu swali, na alijibu vizuri. Kitu chake kilikuwa duara, rangi ya krimu, kina mdomo mdogo kama wa kifaranga, husagwa kuwa unga wa manjano. Halafu akaandika: "Hicho cha kijani anachokisema huyo dada, sisi tunakiita choroko."

"Haya," mama msimamizi akaandika, "tuna vitu viwili na majina matatu. Mlikuwa mkipigania viti wakati viti vinatosha."

Zikawekwa kurasa mbili. Mimi na yeye tuliandika pamoja, mmoja mistari ya juu, mmoja ya chini, bila salamu. Kwenye ukurasa wa choroko yeye aliongeza: "Kenya bara huitwa kimakosa ndengu." Kila kitu tulikuwa tumekubaliana, isipokuwa hilo "kimakosa". Niliomba liondolewe. Mama msimamizi akasema tusubiri, pasiguswe mpaka sote wawili turidhike. Ilikuwa Desemba, na uchaguzi ulikuwa unakaribia. Tukaliacha hapo.

Mwaka mpya uliingia vibaya, na vurugu za uchaguzi. Saiba ilifungwa. Tulikaa ndani tukiona moshi mitaa ya mbali, na watu wakaja kutoka upande wa Olenguruone na Molo wakiwa na magodoro vichwani. Siku hizo lafudhi haikuwa mzaha tena. Kulikuwa na watu waliosikiliza jinsi unavyotamka kabla ya kukuruhusu kupita. Nilimkataza mdogo wangu asitoke, na ndugu yangu nikamkataza asiongee na asiowajua. Jirani zetu walioishiwa chakula tuliwapikia kile tulichokuwa nacho, sufuria moja kubwa ya ndengu, na mama wa mlango wa tatu, ambaye lugha yake ya nyumbani si yangu, alileta chumvi na kuni. Yeye namshukuru kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Anti alipofungua tena, alinishika mabega mlangoni. Nilikwenda kwenye kompyuta ya kona. Ukurasa wangu wa majadiliano ulikuwa na ujumbe kadhaa. Mama msimamizi aliuliza kama mimi na wadogo zangu tuko salama. Mhariri aliyewahi kunicheka aliuliza vile vile. Na chini kabisa, yule wa pwani:

"Dada wa ndengu, uko wapi? Nakuru inatajwa redioni kila saa. Huna haja ya kueleza. Andika hata herufi moja tujue upo."

Nilitaka kumweleza mengi, kisha nikaona ameniomba kidogo makusudi, kwa kunihurumia. Nikaandika alichoomba:

"n"

Kesho yake nikafungua ukurasa wa choroko. Historia ilionyesha badiliko moja, lake. Alikuwa ameondoa neno moja tu, na sentensi sasa ilisomeka: "Kenya bara huitwa ndengu." Kwenye nafasi ya kueleza sababu ya badiliko, ambako kwa kawaida aliandika "kusahihisha" na kuondoka, aliandika, "N ipo. Tumshukuru Mungu."

Jioni niliwasomea wadogo zangu. Ndugu yangu akauliza kama sasa nimemwambia nilisoma mpaka wapi.

"Hajauliza tena," nikasema, nikamwaga ndengu mezani tuchambue.