Meno Niachieni

Naikumbuka siku ile, mwanangu, kwa harufu ya ukindu uliolowekwa. Najua sina mtoto, niko kidato cha nne tu. Lakini Mwalimu Kessy ametaka kila anayemaliza awaachie neno wadogo watakaoingia klabu ya kompyuta, na bibi yangu akitaka kusema neno zito huanza na "mwanangu". Mimi kuanza vingine sijui. Nivumilie.

Klabu yetu hapa Kibiti ilitengeneza kamusi ya Kindengereko ya kwenye simu. Maneno tuliyapata kwa wazee, na mengi alitupa Bibi Somoe, mama yake mama, kule Mtunda, huku mikono yake ikisuka ukili wa mkeka bila kuutazama. Mwalimu akatueleza kwamba itakuwa programu huria: tutaiweka mtandaoni wazi, na yeyote ataichukua, ataifungua ndani, ataitengeneza anavyotaka na kuwapa wengine. Kilichobaki ni nembo tu.

Hapo tukabishana wiki nzima. Shaibu wa Dimani, ambaye mdomo wake hauna kufuli, alitaka mamba aliyevaa miwani ya jua. Wengine wakataka kiboko. Mimi nilikuwa na la kusema, ila sauti yangu hukwama kooni watu wakizidi watatu. Nikachora kwenye karatasi, nikaiacha mezani kama iliyoanguka. Jicho moja jekundu, na chini yake meno matatu meusi. Wakaipenda, hata Shaibu akamwacha mamba wake. Wakauliza nimeitoa wapi. Nikasema nimebuni.

Sikubuni. Ile ni alama ya bibi, anayoiweka kwenye pembe ya kila mkeka wake, na mimi nimeilalia tangu utoto. Lakini kusifiwa ni kutamu, hasa kwa mtu asiyezoea, na uongo wa neno moja hauonekani mzito siku unapoubeba.

Jumamosi nikaenda Mtunda na simu ya mama, nikamwonyeshe bibi kamusi na nembo yake. Nilidhani atafurahi. Aliisogeza simu mbali na macho, akaitazama, kisha akaweka ukili chini. Sikuwa nimewahi kumwona akiweka ukili chini kwa ajili ya simu.

"Hii mmepewa na nani?"

Nikaanza kuokota vipande vya ukindu sakafuni. Akauliza kama ni kweli kila mtu ataichukua hiyo kamusi. Nikasema ndiyo bibi, ndiyo uzuri wake. Na alama je? Nikasema na alama pia.

Ndipo akanieleza, bila haraka. Mikeka yake haikai nyumbani. Kukiwa na msiba au harusi, hata kijiji cha mbali, watu huja kuazima, naye hajawahi kumnyima mtu. Shughuli ikiisha, mikeka ya watu imechanganyika uani, na kila mkeka hurudi kwao kwa alama yake.

"Mkeka wangu na ulaliwe na kila mtu," alisema. "Lakini alama ikiwa ya kila mtu, mkeka utarudi kwa nani?" Kisha, polepole, na hili ndilo lililoniliza: "Maneno yote ulikuja kuniomba, mke mwenzangu, nikakupa. Hili moja ukaona uchukue."

Hakunikaripia zaidi. Wakati wa kula akanichagulia kipande cha samaki chenye mnofu kama siku zote, na kupendwa ukiwa na kosa kunauma kuliko fimbo. Akaniagiza tu kwamba Jumatatu niwaambie wenzangu, kwa mdomo wangu, si kwa karatasi. Mficha uchi hazai, akasema.

Nikasimama Jumatatu. Nilisema kwa sauti ndogo mpaka Shaibu akalalamika kwamba wa nyuma hawasikii, ikabidi niungame mara mbili. "Kumbe msanii wetu ni wa kukopi," akasema, na wote wakacheka, nami nikacheka kidogo katikati ya machozi. Mwalimu hakucheka. Alishukuru kwamba kamusi ilikuwa bado haijapanda mtandaoni, akasema mwenye alama yuko hai, twende tukamwombe.

Tukaenda watu saba. Shaibu akapiga goti mlangoni. "Shikamoo, mchumba. Tumekuja kuposa alama."

Bibi akacheka, akamjibu kwamba yeye haolewi na mwenye miguu myembamba vile. Kisha akanigeukia na kungoja. Alitaka niombe mimi. Nikaomba, mbele ya wote, na sauti ikatoka.

"Jicho chukueni," akasema. "Meno niachieni, ninayo machache."

Kumbe hata yeye mama yake alimpa jicho tu, meno akaongeza mwenyewe. Nasi chini ya jicho tukachora mawimbi mawili, mto wetu. Kwenye maelezo yanayosomwa kabla ya yote nikaandika mimi: programu ichukue, ibadilishe, wape wengine, nembo tuulize kwanza, jicho tumepewa na Bibi Somoe wa Mtunda.

Mwezi huu wanafunzi wa Mkongo wameichukua kamusi, wakaongeza maneno ambayo sisi hatukuwa nayo, wakatutumia. Na wameuliza kuhusu jicho. Nikapeleka ombi lao Mtunda. Bibi aliendelea kusuka.

"Wape, na chini yake waweke chao," akasema. "Mkeka umerudi. Tena umeongezeka upana."

Basi mwanangu, wewe utakayekalia kiti changu chenye mguu mbovu, neno langu ni hili. Kazi yako ifungue, watu waingie, usiwaonee choyo. Lakini alama husema nani amesimama nyuma ya kazi, kwa hiyo usiweke ya mtu ambaye hajakupa, hata awe bibi yako anayekupenda. Omba. Kuomba kuliniuma dakika moja. Kuchukua kunaniuma mpaka leo. Mungu akujalie sauti siku utakapoihitaji, na akujalie mtu wa kuweka ukili chini kwa ajili yako.